Hamsini, Kikao Kizima

Kaka yangu Salim alinunua saa ya mezani, ile yenye kengele mbili kichwani, akaiweka juu ya kompyuta na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo mteja atalipa shilingi kumi kwa kila dakika, tangu anapokalia kiti mpaka anapoinuka. Alitangaza kama mtu anayefungua msikiti mpya. Mimi nilikuwa nafagia, na niliendelea kufagia, kwa sababu ningeuacha ufagio ningeanza kusema, na nikianza kusema huwa sinyamazi upesi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, hapa Kitui mjini, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba yetu, mzee Rashid. Babu yetu alikuja huku kutoka pwani akiuza kanga na chumvi, akaoa, akabaki, na sisi wajukuu wake tukiota ndoto tunaota kwa Kikamba. Lakini biashara haikututoka. Salim ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Mimi nilipoachika nilirudi kuishi na mama, na kitu pekee nilichoweza kusema ni changu kilikuwa laini ya simu. Iliandikwa Shufaa Rashid. Niliingojea miaka mingi, nikapanda na kushuka ngazi za ofisi ya simu mpaka makarani wakanialika harusi za watoto wao.

Kompyuta aliinunua Salim kutoka kwa shirika la misaada lililokuwa linafunga ofisi. Tukakubaliana: mashine yake, laini yangu, faida tugawane nusu kwa nusu. Tukaandika mlangoni BARUA PEPE HAPA, na watu wakaanza kuja, kwanza kuchungulia, halafu kuuliza, halafu kuandika kwa watoto wao walio ng'ambo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Mtu akiandika barua, simu haitumiki. Imelala. Kompyuta ni karatasi tu wakati huo. Mimi nilikuwa nakusanya barua zote, saa sita napiga Nairobi mara moja, zinakwenda zote kwa pamoja na zilizokuja zinaingia, halafu nakata. Jioni kabla ya kufunga napiga tena. Hapo tu ndipo simu inapokula pesa. Mteja akikaa sana au akikaa kidogo, kwangu ni sawasawa. Salim aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa amekwenda Nairobi, akaona wenzake wanatoza kwa dakika, na tangu siku hiyo akaniona mimi ni mjinga ninayegawa mali ya marehemu baba.

"Taim ni pesa, Shufaa," akasema.

"Taim ya nani? Simu imezimwa."

"Kiti changu kimekaliwa, ama hakijakaliwa?"

Nikamwambia basi akaketi juu ya kila kiti dukani kwake ajitoze mwenyewe. Hakucheka.

Mteja wa kwanza wa ile saa alikuwa Syokau, mama Mbuvi, mkulima wa upande wa Museve. Mwanawe Mbuvi alikuwa anasoma India. Syokau hakuja peke yake. Alikuja na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Walijaza benchi, na waliokosa nafasi wakaegemea ukuta. Salim akakaribisha, akapokea shilingi mia mbili za Syokau, akaitega kengele ilie baada ya dakika ishirini.

Barua ya watu wa huku haianzi na jambo. Ukianza na jambo, anayeipokea atashika moyo, atadhani kuna msiba. Kwanza kuna maombi, kwa sababu akina mama wale ni watu wa kanisa na hawafungui hata gunia la pojo bila kuomba. Wakainamisha vichwa. Syokau akaomba kwa Kikamba, akaombea mashine isiharibike, akaombea waya upite salama juu ya bahari, akaniombea mimi vidole. Saa inakwenda, chaka chaka chaka. Nilimtazama Salim. Alikuwa anatazama saa.

Mimi ni Mwislamu na sala yao si yangu. Lakini kumtoza mtu kwa kuongea na Mungu wake! Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Maombi yalipokwisha zikaja salamu. Syokau anasema, mimi naandika. Baba yako Musyoka anakusalimu, mguu umepona. Shosho anakusalimu, bado anakula. Mwalimu wako wa zamani, mchungaji, jirani wa chini, jirani wa juu ambaye tulikosana lakini tumepatana. Wenzake nao wakaingia, kila mmoja na salamu zake, na huwezi kumwambia mtu aliyetembea kutoka Museve kwamba salamu zake haziandikiki. Ng'ombe yule mwekundu amezaa. Mvua ilikuja ikarudi.

"Sasa, Mbuvi," Syokau akasema, akavuta pumzi, akajiweka sawa kwenye kiti.

Kengele ikalia. Ililia kwa ukali mpaka mmoja wa akina mama akashika kifua. Salim akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza, barua ikaondoka mbele ya macho yetu na kuingia kwenye foleni ya kutumwa.

"Imetosha, mama Mbuvi. Mia mbili imeisha."

"Lakini sijasema," Syokau akasema.

"Umesema dakika ishirini nzima."

"Aiya! Nimesalimia. Sijasema."

"Basi kuja Alhamisi na ingine, utasema."

Syokau hakubishana. Aliinuka, akajifunga leso vizuri, akatoka na wenzake. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia niongeze mstari mmoja bure, kaka yangu hatajua. Akakataa. "Sitaki ya bure, Shufaa. Nitauza pojo nirudi na yangu. Ni kitu nzuri nilikuwa namwambia, kwamba karo tumepata. Mwethya yote ilichanga, benki imetuma, itachukua wiki kadhaa kufika. Kitu nzuri inaweza kungoja." Akaenda zake.

Haikungoja. Jumatano saa sita jibu la Mbuvi likaingia. Niliisoma barua ile nimesimama, na nilipofika katikati nikaketi.

Aliandika kwamba amefurahi sana kupata salamu za kila mtu, hata za ng'ombe. Alisema ameona hawakutaja karo, na ameelewa. Hamlaumu mtu. Anajua mvua imekataa, anajua kama pesa zingekuwapo mama angesema. Amepata kazi ya kubeba mizigo ghalani, na kesho atakwenda ofisi ya chuo kuandika jina kwamba anaacha masomo. Mwisho akaomba mama asilie.

Nililia mimi. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Mtoto wa watu anaacha shule kwa sababu ya kengele! Nikashika simu saa ile ile, saa ya bei ya juu kabisa, nikapiga Nairobi, nikaandika laini ikiwa wazi na pesa zangu zikimiminika, wala sikujali: "Mbuvi, usiache shule. Karo imepatikana, benki imeshatuma. Mama yako alikuwa bado anasalimia. Shufaa."

Jioni likaja jibu la neno moja, jina la mama yake. Halafu likafuata la pili, refu, nikajua hajaenda ofisini.

Baada ya hapo nilibeba ile saa chini ya kwapa, nikavuka barabara mpaka dukani kwa Salim. Kulikuwa na mafundi wamejaa wakinunua mabati. Nikaiweka saa juu ya kaunta, katikati ya misumari.

"Pima nayo hizi," nikamwambia. "Kwangu haikai tena."

"Shufaa, tusigombane mbele za watu."

"Kwani nani anagombana? Nakuambia bei mpya. Shilingi hamsini, kikao kizima. Mtu akae atakavyo, aombe atakavyo, asalimie mpaka mbuzi. Akiinuka, amemaliza. Asipoinuka, hajamaliza."

Mafundi wakatazama chini kwa adabu. Salim akaniambia nitafilisika. Akaniambia watu wataingia alfajiri watoke magharibi, kwamba binadamu ukimpa kitu bila kipimo anakinywa chote na kulamba kikombe. Nikamwambia tutaona.

Alhamisi Syokau alikuja na pesa za pojo. Nilimsomea barua ya Mbuvi, ile ya kwanza, na yangu, na zile mbili za jioni. Akanitaka niirudie ile yangu, nikairudia. Halafu akaniuliza kwa nini hamsini, na nikamwambia kweli kwamba nilitaja tu, nilikuwa na hasira.

"Ni sawa," akasema. "Kwetu kwa mwethya tukienda kuchimba matuta kwa shamba ya mtu, hatupimi na kamba. Ya Ndululu ni ndefu, iko kwa mlima, tunatoka jasho. Yangu ni fupi. Lakini siku yake ni siku, yangu ni siku. Tukianza kupimana, nani ataenda kwa Ndululu?"

"Na mtu akiwa mlafi je? Akitaka mchimbe mpaka usiku?"

Syokau akacheka. "Hiyo iko na dawa yake. Utaona."

Niliiona dawa yenyewe mapema kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, Jonah, kijana mwenye tai, ambaye aliposikia hamsini kikao kizima alikuja shule zilipofungwa akakalia kompyuta kama amezaliwa nayo. Alikuwa anaomba nafasi katika vyuo vya Amerika, na si chuo kimoja. Asubuhi alikuwa hapo, adhuhuri alikuwa hapo, alikula mandazi yangu hapo. Benchi likajaa. Watu waliotoka Mulango na Museve wakaanza kunung'unika, wengine wakaondoka. Salim alipita, akachungulia, akaona, akaenda zake anatabasamu. Tabasamu lile liliniuma kuliko matusi. Na nakubali, siku ile nilitamani saa.

Kalunde ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Alikuwa muuguzi mstaafu, sista Kalunde, mwenzake Syokau katika mwethya, na Kiingereza anakijua. Aliinuka kwenye benchi, akavaa miwani, akasimama nyuma ya Jonah, akaanza kusoma barua yake kwa sauti, akiitafsiri kwa Kikamba ili wote wafaidike.

"Anasema, mimi natoka kwa familia maskini sana," Sista Kalunde akasoma. "Anasema baba yake hana kitu, ako na mbuzi mmoja peke yake."

"Aiya!" benchi zima likasema.

"Jonah," Syokau akauliza kwa upole, "wale ng'ombe sita ya baba yako walikufa lini? Mbona hatukuitwa kuomboleza?"

"Ni namna ya kuandika tu, mama," Jonah akasema, na shingo imeanza kuloa.

"Endelea, sista."

"Anasema alitembea kwenda shule maili nyingi bila viatu."

"Shule iko karibu na kwao, unavuka barabara tu," akasema mtu ukutani.

Jonah alimaliza barua ile upesi kuliko mtu anayekimbiza basi. Kesho yake alikuja na barua ameiandika tayari kwenye karatasi, akainakili, akalipa hamsini, akaondoka, na akina mama wakamtakia heri kwa moyo mweupe kabisa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa zaidi ya haja yake. Hapa kwetu mtu hahitaji kuhesabiwa dakika. Anahitaji watu nyuma yake wanaojua kusoma.

Nilidhani Salim ataridhika. Simu ilikuwa inalipwa, nusu yake alikuwa anaipata kila mwisho wa mwezi, na haikuwa haba. Lakini kaka yangu alishaumia mbele ya mafundi wake, na mwanamume akiumia kichwani humponyi kwa pesa. Akaanza kuzungumza habari za Mtito Andei. Kule barabara ya Mombasa kuna madereva wa malori, kuna watalii wanaoingia Tsavo, kuna vituo vya petroli na vyumba vya kulala, na watu wa njiani, akasema, wanaielewa dakika. Alishapata chumba karibu na hoteli moja. Laini ya simu ataazima kwa mwenye hoteli. Kompyuta ni yake, risiti iko kwa jina lake, na hapo hakusema uongo.

"Mashine yangu, dada. Chagua. Urudishe saa, ama naihamisha."

"Hamisha," nikamwambia.

Ulimi ulisema hivyo, lakini haikuwa rahisi. Bila mashine ile mimi ni mwanamke aliyeachika anayekaa na mama yake, na laini ya simu isiyo na wa kumpigia. Nililijua hilo. Syokau alilijua, maana wote wenye watoto ng'ambo wangeanza kupanda basi kwenda Machakos kutuma salamu, na wangapi wangeweza? Mbuvi alikuwa amebakiza mwaka. Lakini kurudisha ile kengele, kuona tena mama mtu mzima anakatwa kauli katikati ya pumzi, hapana. Afadhali chumba kibaki kitupu.

Salim alikuja siku ya soko, asubuhi, na pikapu ya kukodi. Dereva alikuwa Kivuva, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua. Walikusudia kupita Mutomo na Ikutha, njia ya vumbi na mashimo, na Kivuva alitaka kufika mapema. Salim akaingia na kamba mkononi.

Kwenye kiti alikuwa Sista Kalunde. Alikuwa anamwandikia bintiye Muthoki, aliyeolewa Uholanzi, na hakukubali niandike kwa niaba yake. Anapiga kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mchele. Nyuma yake benchi limejaa mwethya, na Syokau katikati.

"Samahani, sista," Salim akasema. "Nahamisha mashine."

"Mimi nimelipa," Kalunde akasema bila kugeuka.

"Nitakurudishia hamsini yako."

"Sitaki kurudishiwa. Nimenunua kikao. Kikao hakijaisha."

Salim akanitazama. Nikainua mabega. "Amelipa, kaka. Unajua baba alikuwa anasema nini juu ya kumpokonya mteja kitu ameshalipia."

Alijua. Mzee Rashid alitupiga sote wawili kwa jambo hilo tulipokuwa wadogo, kwa sababu ya kipande cha sabuni. Salim akasimama ukutani, kamba mkononi, akasema sawa, atangoja amalize.

"Ndiyo naanza," Kalunde akasema. "Bado hatujaomba."

Na wakaomba. Syokau akafungua, akamkabidhi wa pili, wa pili akamkabidhi wa tatu, na kila mmoja alikuwa na jamaa wengi na shida zao kwa majina. Waliombea Uholanzi. Waliombea Kitui yote na Makueni yote, wakafika mpaka Mtito Andei, wakawaombea madereva wa malori wasisinzie. Walimwombea Salim pia, kwa upendo, na biashara zake. Salim alilelewa vizuri. Hakuweza kutembea katikati ya maombi ya watu. Alisimama amekunja mikono mbele, jasho likimtoka chini ya kofia. Mimi sikucheka. Niliuma kanga yangu.

Baada ya amina zikaja salamu, na kidole kile kimoja. Herufi. Kimya. Herufi. Kalunde akauliza jina la mtoto wa tatu wa Ndululu linaandikwaje, na benchi likajadiliana.

Nje honi ikalia. Halafu ikalia tena, ndefu. Mwisho Kivuva akaja mlangoni mwenyewe.

"Mzee Salim, hii sasa ni kungoja. Kungoja iko na bei yake. Kila nusu saa ni mia moja, na nimehesabu tangu nizime gari."

"Mia moja ya nini?" Salim akaruka kama ameguswa na moto. Nafikiri alikuwa ameivumilia asubuhi yote ile akitafuta mtu mmoja tu wa kumfokea, na Mungu akampa Kivuva. "Tulikubaliana, Kivuva! Safari moja, bei moja! Kama nimechelewa, kama sijachelewa, safari moja, bei moja!"

"Lakini wakati yangu inaenda, mzee."

"Gari limezimwa! Linakula petroli gani likiwa limezimwa? Limelala tu hapo! Unanitoza kwa kitu ambacho hakikugharimu hata senti? Huo ni wizi, bwana! Mtu mzima unasimama mbele za watu na kuhesabu dakika!"

Kidole cha Sista Kalunde kilikuwa kimebaki hewani. Syokau alikuwa anaangalia viatu vyake, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Kivuva peke yake ndiye hakuelewa kilichotokea, akatutazama mmoja mmoja, kofia mkononi.

Salim alikuwa bado amefungua mdomo. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kama mtu anayepokea mizigo mizito kutoka juu ya lori.

"Rudia, kaka," nikasema. "Mama Mbuvi hakukusikia vizuri."

Hakurudia. Alitoka, akazungumza na Kivuva kwa sauti ya chini, nikaona noti zikibadilisha mikono. Pikapu ikawashwa, ikaondoka, nyuma yake tupu. Salim akarudi, akasimama kizingitini. Alitazama benchi, akatazama kompyuta yake, akanitazama mimi. Akaikunja ile kamba polepole, akaitia mfukoni.

"Hamsini ni kidogo," akasema. "Weka sitini."

"Hamsini," nikamwambia.

"Hamsini na tano, Shufaa. Mimi pia nina watoto."

"Hamsini, kikao kizima. Na sogea, umemzibia sista mwanga."

Akasogea.